Bustani imegoma: tazama maji kabla hujanunua dawa

Viwanja vya nyumba nyingi Mwanza vinafanana. Nyumba ya bati katikati, uzio wa minyaa au ukuta wa tofali, mwembe mmoja, kamba ya kuanikia nguo, na ardhi iliyofagiwa kwa chelewa hadi inabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Nimekulia kwenye uwanja wa namna hiyo, na kuufagia ilikuwa zamu yangu kabla ya kwenda shule. Nilipopata kwangu, Nyegezi upande wa mlimani, nikaamua kuugeuza uwe bustani ya kilimo cha kudumu. Nikaanza na kosa ninaloliona kwa kila anayeniita nimtazamie bustani yake: nilipanda kwanza, maswali yakaja baadaye.

Kilimo cha kudumu, au pamakalcha kama wengine wanavyokiita, yaani kupanga bustani ifuate namna asili inavyojitunza yenyewe, ni jina lililozaliwa Australia miaka ya 1970 kwa Bill Mollison na David Holmgren. Jina ni lao, lakini mengi yaliyomo si mageni huku. Msukuma anayetengeneza majaluba ya mpunga anajua kuyazuia maji yasikimbie, na anayetenga ngitili, yale malisho yanayofungwa kwa muda, anajua kuipa ardhi likizo. Ugumu ni kuyaingiza yote hayo kwenye kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini chenye chemba, kuku, watoto na wageni wa Jumapili.

Haya ni matatizo niliyokutana nayo kwangu na kwa majirani, nimeyapanga kwa dalili. Ruka uende kwenye yako ukitaka, ila usiruke vipimo hivi vya mwanzo. Mara nyingi mtu ananionyesha jani lenye matundu, na shida yenyewe iko mita kumi kutoka hapo, kwenye njia ya maji.

Vipimo kabla ya lolote

Siku mvua kubwa ikinyesha, toka nje. Chukua mwavuli na vijiti kama kumi. Chomeka kijiti mahali maji yanapoingilia kiwanjani, yanapotuama na yanapotokea. Mvua ikikatika, vijiti vyako ndiyo ramani ya bustani, na ni sahihi kuliko mchoro wowote utakaouchora ukiwa umekaa sebuleni.

Siku ya jua, chimba shimo la futi moja kwenda chini na futi moja upana. Lijaze maji, liache liishe, kisha lijaze tena na utazame saa. Maji ya pili yakiisha ndani ya dakika chache, una kichanga. Yakikaa mpaka kesho yake, una mfinyanzi, au mwamba uko karibu chini.

Mwisho, weka udongo kwenye chupa ya maji ya kunywa hadi theluthi, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa kwa nguvu, iweke dirishani. Mchanga unatua kwa dakika moja hivi, tope laini linafuata kwa saa chache, na mfinyanzi unaweza kukaa ukielea siku nzima au zaidi. Kwangu zaidi ya nusu ya kilichotua kilikuwa mchanga. Si ajabu: udongo wa vilima vyetu umetokana na haya majabali ya graniti yanayolipa jiji sura yake. Wasukuma wanauita luseni. Ukishuka bondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu masika. Mtu wa mbuga na mtu wa luseni wakipeana ushauri bila kuulizana udongo, mmoja ataharibikiwa.

“Mvua inanyesha sana, siku mbili baadaye ardhi ni kavu”

Hili ndilo tatizo mama, nitakaa hapa kidogo.

Vuli ya kwanza nilisimama barazani nikaangalia mvua ya kama saa nzima. Maji yaliteremka kutoka kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba, yakapita kati ya jiko na ukuta, yakabeba majani makavu niliyokuwa nimetandaza, yakabeba na kidumu, yakatokea getini. Mvua ilipokwisha nikachuchumaa katikati ya uwanja, nikachimba kwa kidole. Umajimaji ulifika kina cha ukucha. Chini yake vumbi. Saa nzima ya mvua, na mzizi wa mche haukuwa umeonja hata tone.

Chanzo kilikuwa fagio. Ardhi isiyo na kitu juu yake inapigwa na matone, chembe ndogo zinajipanga na kuziba vitundu, unatokea ukoko. Ukifagia kila siku unauondoa ule mchanga mlegevu wa juu na majani ambayo yangevunja nguvu ya matone. Ukoko unakomaa mpaka uwanja unamwaga maji karibu sawa na bati.

Na bati lenyewe hatulihesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 25, hizo ni lita 2,000 kwa mkupuo mmoja. Jabali lililo juu ya kiwanja ni bati jingine lisilo na gata. Halafu Julai tunanunua maji ya kumwagilia kwa mkokoteni.

Tiba ni kuyapunguzia maji mwendo, na unaanzia juu kabisa ya kiwanja, si pale chini yanapokuumiza. Pale juu chimba mfereji unaofuata kontua, yaani usioshuka popote. Kuupima, azima kwa fundi ule mpira wa pimamaji unaoonyesha ndani: jaza maji, kila mtu ashike ncha yake, maji yakilingana pande zote hizo pointi mbili ziko usawa mmoja. Chomeka vijiti kila baada ya hatua mbili, chimba kina cha futi moja na upana wa futi moja na nusu, udongo uutupe upande wa chini uwe tuta. Ziba ncha zote mbili. Kisha chagua mwenyewe mahali maji yatakapofurikia, pawe chini kidogo kuliko tuta, upajengee kwa mawe. Usipopachagua, mvua kubwa itakuchagulia.

Mfereji uwe angalau mita tatu kutoka kwenye msingi wa nyumba, na usiwe juu ya choo wala chemba. Kwenye mteremko mkali, ule wa kupanda umeshika kitu, usichimbe mfereji kabisa. Udongo ukilewa maji unaweza kuporomoka na tuta lako. Hapo jenga kuta fupi za mawe makavu, moja juu ya nyingine kama ngazi, na ujaze udongo nyuma yake. Mawe ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu wa Mwanza atakuuzia kwa bei ya kukutisha.

Mfereji umevunjika baada ya mvua ya kwanza? Ama haukuwa sawa, maji yote yakaenda upande mmoja, ama hukutengeneza pa kufurikia. Unabaki na maji siku nne, tano? Umechimba juu ya mwamba au mfinyanzi, na hapo mbu wanaingia kwenye hesabu: yai la mbu linahitaji kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu anayeruka. Maji yakikaa zaidi ya siku tatu, punguza kina au jaza mfereji makapi ya mpunga na matawi, uwe sponji badala ya bwawa.

Kuhusu fagio, sikuliacha lote, maana nyumba ni ya watu. Nimebakiza uwanja wa kufagia mbele ya mlango, pale wageni wanapokaa na watoto wanapochezea. Kwingine kote kumefunikwa. Mwanzoni bibi wa nyumba ya pili alisimama uzioni akatazama yale majani, akaniuliza taratibu, “Mwanangu, siku hizi hapa hamkai watu?” Nilipanga mawe mstari mmoja kuzunguka kila tuta. Majani ni yaleyale, uchafu ni uleule, lakini tangu mawe yawekwe anauita bustani, na mwaka jana alinituma mjukuu wake kuomba mche wa mchaichai.

“Jembe linaruka”

Ardhi imekanyagwa miaka. Usiilime yote kwa sululu. Utaumia mgongo, na mvua mbili zitairudisha ilivyokuwa. Amua njia za kupita zibaki njia milele, na pasipo njia pasikanyagwe tena hata na wewe. Tandaza majani unene wa shibiri moja mwanzoni mwa mvua, toboa matundu upande mbaazi. Mzizi wa mbaazi unakwenda chini kuliko sululu yako, na hautaki posho.

Kuna kipande kimoja ambacho ushauri huu haukisaidii: pale mafundi walipochanganyia zege. Kila kiwanja kinacho. Ukiona sehemu moja tu ambapo kila unachopanda kinadumaa na majani machanga yanakuwa njano, chimba kidogo, utakuta ganda la kijivu. Saruji imeujaza udongo chokaa na mmea hauwezi kufyonza madini ya chuma. Toa ganda, au weka hapo benchi la kupumzikia.

“Matandazo yanaliwa na mchwa”

Mchwa anakula kikavu kilichokufa. Akianza kula mche ulio hai, mara nyingi ni kwamba mche una kiu na jirani hakuna kingine cha kula. Dawa ya dukani itaua na wale wanaokutobolea ardhi bure. Mwagilia matandazo yalowe, yasogeze mbali na shina upana wa kiganja, na usirundike magogo karibu na ukuta wa nyumba, kwani huko ndiko mchwa anakogeuka kuwa hasara.

Makapi ya mpunga yanapatikana kwa viroba kwenye mashine za kukoboa, wakati mwingine bure ukija na guta lako. Yanapeperushwa na upepo wa ziwani, kwa hiyo yaweke chini, juu yake majani ya migomba. Usiyachanganye ndani ya udongo, wala maranda mabichi ya mbao. Vijidudu vinavyoyaozesha vinanyang'anya mimea naitrojeni, na mchicha wako utakuwa rangi ya limao ndani ya wiki tatu. Juu ya udongo hayana neno.

Magugu maji nayo ni matandazo mazuri, na kila anayeyatoa ziwani anafanya hisani. Yaanike juu ya jabali mpaka yakatike ukiyakunja. Usiyachukue karibu na mifereji inayoleta maji taka ya mjini au viwandani, maana gugu hili linafyonza metali nzito na kuzihifadhi mwilini. Na usiyatupe karibu na kidimbwi chako cha bata, hata yakiwa makavu. Mbegu zake zinaweza kukaa miaka mingi zikisubiri maji.

“Mboji inanuka” au “mboji haifanyi kitu”

Pua inatosha hapa. Harufu ya mkojo mkali: kibichi au samadi ya kuku imezidi, ongeza makapi au majani makavu. Harufu ya yai viza: maji yamezidi, hewa hakuna, pindua. Haina harufu, haina joto: ni kavu au ni ndogo. Chungu kisichofika mita moja kila upande hakishiki moto. Chomeka kijiti kirefu katikati, kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa cha vuguvugu na kikavu, mwaga ndoo mbili. Kikiwa na utando mweupe na kimekauka kabisa, ukungu umeshika na maji hayatoshi.

Tatizo letu wenyewe ni samaki. Mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, na vichwa vyake ni mbolea ya nguvu, dagaa waliooza vilevile, lakini ukiwaweka juu ya chungu utakaribisha inzi, paka wa mtaa mzima na mbwa wa usiku. Mimi niliamka nikakuta chungu kimesambazwa mpaka barabarani, na mfupa mmoja kwenye kizingiti cha jirani ambaye tayari hatukuwa tukisalimiana vizuri. Samaki anazikwa moja kwa moja shambani, kina cha futi moja na nusu, juu yake jiwe kubwa, na mgomba au mpapai unapandwa pembeni baada ya wiki kadhaa.

Kama huna ng'ombe wala jirani mwenye ng'ombe, tafuta alizeti pori kando ya barabara, ile yenye maua ya njano makubwa. Majani yake yanaoza haraka na yana naitrojeni nyingi. Mashudu ya pamba pia yanafaa, ila siku hizi wafugaji wanayagombania.

“Majani yamekuwa njano”

Swali la kwanza ni yapi. Yakianza ya chini, yale ya zamani, mmea una njaa ya naitrojeni. Mpe mboji au samadi iliyoiva. Yakianza machanga ya juu, mishipa ikibaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma, na kwetu sababu mara nyingi ni majivu. Tunapikia mkaa, majivu yapo kila siku, na kila mtu kaambiwa majivu ni mbolea. Konzi moja kwa mita ya mraba kwa msimu inatosha. Nilikuta mtu kamwaga ndoo nzima kila wiki kwenye tuta moja la chainizi, akashangaa mbona haikui. Rangi ya zambarau chini ya jani ni upungufu wa fosforasi. Njano kila mahali pamoja na udongo unaonata: mizizi imezama, na hapo kosa si la mbolea.

Hili la mwisho walio karibu na ufukwe wanalijua. Ziwa lilipopanda mwaka 2020, na tena 2024, bustani ambazo hazijawahi kufurika zilioza kutoka chini, juu kukiwa kukavu. Chimba shimo la futi mbili: likijaa maji lenyewe, panda juu ya matuta marefu ya magoti au badilisha mazao. Magimbi na miwa vitakushukuru. Papai halitakusamehe.

“Nyanya zinalala mchana”

Zikilala saa saba na kuamka jioni, ni jua, tandaza. Zikilala bado zikiwa kijani na asubuhi hazijaamka, kata shina moja karibu na ardhi, urefu wa kidole. Chukua glasi ya maji safi, lishike shina wima ncha ya chini ikigusa maji, usitikise. Subiri dakika chache mkono ukiwa umetulia. Ukiona uzi mweupe unateremka polepole kama moshi wa udi uliogeuzwa, huo ni mnyauko bakteria. Mara ya kwanza niliita watoto waje kuona, ni kitu kizuri kukitazama na kibaya kuwa nacho. Hauna dawa. Ng'oa na udongo wa mizizi, choma, usiweke kwenye mboji, na tuta hilo lisione nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au vitunguu.

Shina likiwa safi, ng'oa mmea utazame mizizi. Mafundofundo kama shanga ni minyoo fundo, na luseni ni nyumbani kwake. Panda bangi-maua, yale maua ya machungwa ya marigoldi, msimu mzima, na ongeza mboji.

Majani yenye mistari myeupe iliyochimbwa ndani, na matunda yenye tundu karibu na kikonyo, ni kantangaze, mdudu aliyefika Tanzania mwaka 2014 na kupewa jina linalolingana na tabia yake. Chuma kila jani lenye mistari, lifungie kwenye mfuko wa plastiki na uuanike juani. Kitako cha nyanya kikioza cheusi hakuna mdudu wala ugonjwa. Umemwagilia leo ndoo tatu, ukasahau siku tano.

“Migomba inanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati”

Kata ndizi moja katikati. Ukiona doa la kahawia ndani, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano, ni mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioitikisa Kagera. Panga lako ndilo linalousambaza. Lipitishe motoni kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na mkungu ukishamaliza kutoa vichana, vunja ua la chini kwa kijiti chenye panda, usilikate, kwani wadudu wanaotembelea ua hilo hubeba bakteria. Mgomba mgonjwa ng'oa na kuufukia hapohapo.

Kama migomba yako ni mizima lakini haikui, ipelekee maji ya kuoshea vyombo. Shimo la upana wa mita mbili na kina cha mita moja, lililojazwa takataka za bustani, migomba minne mitano ukingoni: hilo linakunywa maji ya jikoni mwaka mzima. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yapeleke siku moja moja, yana chumvi. Yote hayo yasiguse mboga za majani.

“Mpapai unachanua tu”

Ni dume. Maua marefu yanayoning'inia kwenye kamba. Hakuna anayeweza kukuambia jinsia mpaka lichanue, hata muuza miche anayeapa. Panda miche mitatu kila shimo, kisha ng'oa madume, acha moja kwa kila kama kumi.

Muhogo uliojikunja majani

Ni batobato, ugonjwa wa virusi. Mbegu ilikuja nayo. Tafuta pingili za aina inayostahimili. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kule Misungwi, ndipo zilipotoka nyingi zinazolimwa kanda yetu.

Nyoka, konokono, kuku wa watu

Nyoka hafuati majani, anafuata panya, na panya anafuata mapumba ya kuku uliyoyaacha wazi usiku. Acha hatua mbili tupu kuzunguka nyumba, funga chakula, na usitandaze chini ya dirisha.

Konokono wakijaa baada ya mvua, weka ubao mahali penye unyevu jioni, asubuhi ugeuze. Au fuga bata wawili. Bata hawachakuri kama kuku, ila miche ya chainizi wanaipenda pia, kwa hiyo waachie kwa saa moja asubuhi na usiende kunywa chai.

Kuku wa jirani ni mgogoro wa kidiplomasia na hakuna mmea unaoutatua. Nilijaribu minyaa, nilijaribu miiba. Kilichofaa ni wavu mita moja na nusu kuzunguka kitalu tu, si kiwanja chote, na tenga la mchicha uliokomaa ninalompelekea mwenye kuku kila wiki. Sasa anawafunga mwenyewe msimu wa kupanda.

Maji ya ziwani

Ukichota ufukweni, tatizo unaweza kuliona miezi baadaye, mwilini mwako na si bustanini. Kichocho kinaingia kwa ngozi, kutoka kwa konokono wa majini. Vaa buti za mpira unapochota, na maji yaweke kwenye jaba siku mbili kabla ya kuyashika. Vimelea hawafiki hapo wakiwa hai, mradi hakuna konokono aliyeingia na ndoo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo usijenge matuta ya mawe huko. Na samadi usiimwage mahali mvua itaisomba kwenda ziwani. Ndiyo inayowalisha magugu maji ambayo kesho utakwenda kuyachota.

“Mwaka wa tatu mboga zimekoma”

Hili linakuja kwa waliofanikiwa. Mbaazi, lukina, migomba na papai vimefunga anga, chini mchicha unarefuka mwembamba ukitafuta jua na mgagani hauoti kabisa. Watu wanaogopa kukata walichopanda wenyewe. Kata Septemba mwishoni, kabla ya vuli, ili mwanga na maji vifike pamoja. Lukina inavumilia kukatwa popote na itarudi kwa hasira. Usipoikata kabla ya mbegu kukomaa, utaing'oa kila kona. Mbaazi ni dhaifu zaidi. Ikikatwa chini ya goti mara nyingi inakufa, basi kata usawa wa kiuno na uache matawi mawili yenye majani. Vilivyokatwa usivitoe nje ya uzio. Vivunje vipande vya urefu wa mkono, uvilaze chini ya shina vilikotoka, juu yake weka jiwe upepo usivibebe.